Dave Gallaher: Fowadi Aliyekataa Kuingia Skramuni

Mchezo wa raga umezaa mashujaa wengi, lakini ni wachache waliozomewa kama Dave Gallaher. Kuanzia Septemba 1905 hadi mwanzoni mwa mwaka 1906 mtu huyu alizunguka Uingereza, Wales, Scotland na Ireland akiwa nahodha wa timu ya New Zealand, na katika viwanja vingi alivyokanyaga watazamaji walimpigia makelele kuwa ni mdanganyifu. Waandishi wa magazeti nao hawakumsaza. Hakuwa amempiga mtu ngumi wala kumtukana refa. Kosa lake, ikiwa kweli lilikuwa kosa, ni mahali aliposimama.

Msomaji asiyeujua sana mchezo huu anivumilie nimweleze kidogo. Timu ya raga ina watu 15. Wanane ni mafowadi, nao kazi yao kubwa ni kuugombea mpira. Saba waliobaki ni mabeki, ambao hukimbia nao. Mchezo ukikatizwa kwa kosa dogo, mafowadi wa pande mbili hushikana mabega, wakainama, wakasukumana kama mafahali. Hiyo ndiyo skramu. Mpira hutiwa kati yao, na kila upande hujaribu kuuvuta kwa miguu urudi nyuma, ambako hafubeki anaungoja ili awapelekee mabeki wenzake.

Siku zile timu za Uingereza zilikuwa na desturi yao. Mafowadi wao walikuwa wanane, na aliyefika kwanza penye skramu ndiye aliyeinama mbele. Hakuna aliyekuwa na mahali pake maalumu. Mtu aliweza kuwa mstari wa kwanza sasa hivi, na baada ya dakika tano ukamkuta nyuma kabisa kwa sababu amechelewa kufika. Gallaher alikuja na watu saba tu wa kuinama. Wa nane alikuwa yeye mwenyewe, naye alibaki wima, pembeni, mpira mkononi.

Basi tuanze na alikotoka. Alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1873 katika mji mdogo wa Ramelton, jimbo la Donegal, huko Ireland. Jina la ukoo wao lilikuwa Gallagher. Ile herufi moja iliangushwa baadaye katika nchi ya ugenini ambako watu walishindwa kulitamka. Mwaka 1878 wazazi wake walipanda meli Lady Jocelyn pamoja na familia nyingine za Ireland zilizoahidiwa mashamba huko New Zealand, wakafika mahali paitwapo Katikati, katika wilaya ya Bay of Plenty. Shamba halikuwa la kutajirisha mtu. Baba yake alikuwa amemzidi mkewe sana kwa umri, na aliyeilisha nyumba ile hasa ni mama, Maria, kwa mshahara wa ualimu. Mwaka 1887 mama huyo akafa kwa saratani. David alikuwa na miaka 13. Akaacha shule, akaenda kutafuta kazi.

Baadaye familia ilihamia Auckland, na huko ndiko kijana alikokulia. Alipata kazi katika kampuni ya kugandisha nyama ya kupeleka ng'ambo, akapanda hadi kuwa msimamizi. Kazi yenyewe ilikuwa kunyanyua mizoga kutwa nzima, na yasemekana ndiyo iliyompa mgongo na mabega. Mwaka 1895 alijiunga na klabu ya Ponsonby, na mwaka uliofuata akaitwa kuichezea Auckland. Wakati huo alikuwa huka, yaani yule wa mstari wa mbele anayeuvuta mpira kwa mguu. Kwa hiyo asije mtu akadhani Gallaher alikaa nje ya skramu kwa kuogopa kusukumana. Alikwisha kusukumana kwa miaka.

Mwezi wa Januari 1901 alikwenda Afrika Kusini katika vita vya Makaburu, akiwa askari wa farasi. Alipojiandikisha alijipunguzia umri, akasema alizaliwa mwaka 1876. Uongo huo mdogo ulimfuata mpaka kaburini, kama nitakavyoeleza. Aliporudi mwaka 1902 alikuwa sajini-meja, na nionavyo mimi cheo hicho kinaeleza mengi juu ya ukocha wake. Sajini-meja hatungi mipango ya vita. Kazi yake ni kuhakikisha kila askari anajua mahali pake kwenye mstari kabla amri haijatolewa.

Mwaka 1903 alikuwamo katika timu ya New Zealand iliyokwenda Australia, na tarehe 15 Agosti mwaka huo alicheza katika mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya nchi yake, mjini Sydney, ambayo New Zealand ilishinda 22 kwa 3. Mwaka 1904 timu ya visiwa vya Uingereza ikafika Wellington ikafungwa 9 kwa 3. Sasa ikawa zamu ya wakoloni kuwafuata mabwana zao kwao.

Safari ilianza tarehe 30 Julai 1905 kwa meli Rimutaka, na ilianza na ugomvi. Wachezaji wa kusini walinung'unika kuwa nahodha na msaidizi wake, Billy Stead, waliwekwa na wakubwa wa chama, wala hawakuchaguliwa na wenzao. Gallaher hakubisha. Aliitisha mkutano humo humo melini, akaweka unahodha mezani, na Stead akafanya vivyo hivyo. Ikapigwa kura, na kura 17 kwa 12 zikawarudishia madaraka. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba watu 12 kati ya wale aliokuwa akienda kuwaongoza hawakumtaka, au angalau hawakutaka jinsi alivyowekwa. Kocha alikuwepo pia, Jimmy Duncan wa Otago, lakini wachezaji wengi hawakuafiki kuletwa kwake, na kwa kweli mafunzo yakaangukia mikononi mwa Gallaher na Stead. Juu ya sitaha wakafanya mazoezi mpaka meli ilipotia nanga Plymouth tarehe 8 Septemba.

Siku nane baadaye, huko Exeter, wakakutana na timu ya jimbo la Devon. Devon haikuwa timu ya mchezo. New Zealand ikaifunga 55 kwa 4. Nao msomaji akumbuke kuwa siku zile trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui, ilihesabiwa pointi 3 tu. Kulikuwa na wahariri wa magazeti waliodhani tarakimu zimekosewa katika simu.

Walifanyaje? Hapa ndipo moyo wa habari hii ulipo.

Kwanza, skramu. Watu wake saba walijipanga wawili mbele, watatu katikati na wawili nyuma. Ukiwatazama kutoka juu ungeona umbo la kishada cha watoto. Mbele walikuwa mahuka wawili, George Tyler na Steve Casey. Ungedhani watu wawili wakigongana na watatu watalemewa, lakini nguvu zote za walio nyuma zilielekezwa sehemu moja. Yule wa katikati katika mstari wa pili, aitwaye loki, aliingiza kichwa kati ya mahuka wake akawasukuma wote wawili kwa pamoja. Loki wao hodari alikuwa Bill Cunningham, mtu aliyeongezwa katika kikosi baadaye ilipoonekana kuwa nafasi hiyo haina mwenyewe. Jambo hilo tu latosha kuonyesha tofauti: huko Uingereza hakukuwa na nafasi ya kukosa mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na nafasi. Kila fowadi wa Gallaher alikuwa na mahali pake, na alipofika penye skramu hakuuliza. Na kwa kuwa njia ya kupita katikati yao ilikuwa fupi, mpira ulitoka nyuma kwa haraka, mara nyingi kabla Waingereza hawajamaliza kujipanga.

Pili, yule wa nane. Katika desturi ya Uingereza hafubeki ndiye aliyeutia mpira skramuni, kisha akakimbilia nyuma kuupokea. Gallaher aliitwaa kazi hiyo ya kuutia, hivyo hafubeki wake, Fred Roberts, alikuwa tayari nyuma akingoja, mikono chini. Sekunde mbili au tatu zimepatikana hapo. Tena mpira ukitoka, Gallaher alikuwa bado amesimama ubavuni mwa skramu, katikati ya Roberts na hafubeki wa adui. Adui akitaka kumfikia Roberts, kwanza amzunguke Gallaher. Na kama mpira umechukuliwa na adui, Gallaher hakufungwa na mtu mkono. Alimrukia hafubeki wao kama paka.

Fowadi huyu wa ubavuni hakuvumbuliwa na Gallaher. Thomas Ellison, mwanasheria wa Kimaori aliyekuwa nahodha wa New Zealand mwaka 1893, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1902 kwamba nafasi hiyo ilianzia katika klabu yake. Wengine walibisha. Hata hivyo, aliyeibeba ikaonekana duniani, na aliyepokea matusi yake, ni Gallaher.

Tatu, mpango wa mabeki. Waingereza walikuwa na mahafubeki wawili na nyuma yao watu wanne waitwao robo tatu. Watu wa New Zealand walikuwa na hafubeki mmoja, robo tatu watatu, na kati yao wawili walioitwa kwa jina la ajabu: tano kwa nane. Ukipiga hesabu utalielewa. Nusu ni 4 kwa 8, robo tatu ni 6 kwa 8. Anayesimama katikati yao ni nani kama si 5 kwa 8? Sifa ya mpango huo hupewa yule yule Jimmy Duncan ambaye timu haikumtaka kuwa kocha. Watu hao wawili, Stead na Jimmy Hunter, walisimama kwa mshazari ili kila mmoja aupokee mpira akiwa tayari mbioni. Hunter peke yake alifunga trai 44 katika ziara ile.

Mafowadi nao hawakubaki nyuma wakihema. Walifundishwa kuwafuata mabeki, kusimama penye pasi itakapofika, na kuushika mpira kwa mikono kama mabeki wenyewe. Waingereza, waliozoea kumwona fowadi akiuburura mpira kwa miguu, waliliona hilo kuwa kama sarakasi.

Naomba niseme neno la kando. Sisi wa Kenya jina letu katika raga tumelipata zaidi kwa timu ya watu saba, hasa tangu mwaka 2016 vijana wetu walipowafunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Katika raga ya watu 15 bado tunahangaika. Mara nyingi katika uwanja wa Barabara ya Ngong nimesikia watu kando ya mstari wakiwapigia mafowadi kelele wasukume. Ni mara chache nimesikia mtu akiwaambia wasimame wapi. Gallaher angeanza na hilo la pili.

Kabla ya kila mechi aliwataka wachezaji wake watumie saa nzima kimya, kila mtu akiwaza mchezo ulio mbele yake. Ilikuwa amri. Nafikiri hakuna mazoezi ya bei nafuu kuliko hayo, na hata hivyo timu nyingi hupoteza saa hiyo kwa porojo.

Ushindi ukafuata ushindi, na kelele zikaongezeka. Wapinzani walisema fowadi wa ubavuni ni mzuiaji mtupu, kwamba anaukinga mpira ambao tayari umempita na kwa hiyo hana ruhusa ya kuwa pale. Walimshtaki pia kwamba anaupotoa mpira mkononi anapoutia skramuni. Wengine walimkanyaga na kumpiga mateke ya miguu, na katika picha za siku zile utamwona amevaa vikinga vya muundi, jambo lisilo la kawaida kwa mchezaji wa raga wakati ule.

Je, alikuwa mdanganyifu? Nimelifikiria sana swali hili, wala sitalikwepa. Marefa wa kwao walikubali uchezaji huo, na sheria ya wakati ule haikuukataza waziwazi. Lakini ni kweli pia kwamba mtu akisimama makusudi kati ya adui na mpira, na akajifanya amesimama tu, hapo pana ujanja. Waingereza walikuwa na haki ya kulalamika. Walichokosea ni kudhani kuwa huo ndio uliowafunga. Ungemtoa Gallaher pale ubavuni, bado wangebaki na mafowadi saba wanaojua kila mmoja kazi yake dhidi ya wanane wasiojua. Kelele za udanganyifu ziliwafariji, zikawachelewesha kujifunza.

Wa kwanza kujaribu kujifunza walikuwa Waskochi. Tarehe 18 Novemba, mjini Edinburgh, katika uwanja ulioganda kwa baridi, walitoa fowadi mmoja wakaweka mahafubeki watatu. Hadi mapumziko waliongoza 7 kwa 6, na zikiwa zimebaki dakika chache New Zealand bado ilikuwa nyuma. George Smith akakimbia pembeni akaokoa siku. Ikaisha 12 kwa 7. Gallaher aliumia mguu, hakucheza wiki iliyofuata mjini Dublin, ambako Ireland ilifungwa 15 kwa 0. Uingereza nayo ikafungwa 15 kwa 0 tarehe 2 Desemba huko Crystal Palace, trai nne zikitoka kwa mtu mmoja, Duncan McGregor.

Kisha ikaja Wales.

Watu wa Wales walikuwa wameitazama ziara hii kwa makini kuliko wengine wote. Badala ya kumzomea Gallaher, walimwiga. Tarehe 16 Desemba 1905, katika uwanja wa Cardiff Arms Park, waliingia na mafowadi saba, na wa nane wakamfanya mtu huru, Cliff Pritchard, ambaye kazi yake ilikuwa kuzurura karibu na skramu kama Gallaher mwenyewe. Walikutana mapema kufanya mazoezi, jambo ambalo timu za taifa hazikuwa zikifanya siku zile, na humo wakatengeneza hila moja iliyobuniwa na hafubeki wao mfupi, Dicky Owen.

Mchezo ulianza vibaya kwa Gallaher. Refa, Mskochi kijana aitwaye John Dallas, alimwadhibu mara kwa mara kwa jinsi alivyoutia mpira skramuni. Adhabu zilipozidi, Gallaher aliwaambia mahuka wake waache kuugombea mpira. Lilikuwa jambo zito kwa nahodha: kuifunga mwenyewe mashine aliyoijenga miezi yote ile. Kuanzia hapo Wales ikawa na mpira, na mabeki wa New Zealand, waliozoea kulishwa, wakabaki kusubiri.

Hila ya Owen ikaja kabla ya mapumziko. Mpira ulipotoka skramuni alikimbia upande mmoja, na mabeki wake wakamfuata kana kwamba ndiko waendako. New Zealand nzima ikavutwa upande huo. Ghafla Owen akageuza mkono akaurudisha mpira upande wa pili, kwa Pritchard, yule mtu huru. Pritchard akampa Rhys Gabe, naye Gabe akampa Teddy Morgan, ambaye alikuwa na njia nyeupe mpaka kona. Trai. Wales 3, New Zealand 0. Aliyelifungua lango ni fowadi aliyekuwa nje ya skramu. Gallaher alipigwa kwa rungu lake mwenyewe.

Katika kipindi cha pili kijana Bob Deans alipokea mpira kutoka kwa Billy Wallace akakimbilia mstari, akaangushwa hapo hapo. Dallas, aliyekuwa amevaa nguo na viatu vya kawaida na ameachwa nyuma, alipofika aliukuta mpira mbele ya mstari, akakataa trai. Deans alishikilia kwamba aliuweka ng'ambo ya mstari na kwamba watu wa Wales walimvuta nyuma. Alifariki mwaka 1908 akiwa na miaka 24, na hakubadili neno lake. Wazee wa nchi hizo mbili wameendelea kubishana tangu hapo. Gallaher hakuingia katika ubishi huo. Baada ya mechi alikiri kuwa timu iliyokuwa bora siku hiyo ndiyo iliyoshinda, wala hakumlaumu refa. Kwa mtu aliyeitwa mdanganyifu kwa miezi mitatu, alikuwa na kila sababu ya kulipiza, asilipize.

Hiyo ndiyo mechi pekee waliyofungwa. Tarehe 1 Januari 1906 wakaifunga Ufaransa 38 kwa 8 mjini Paris, ikiwa ni mechi ya kwanza ya kimataifa ya Wafaransa, kisha wakarudi nyumbani kupitia Amerika ya Kaskazini. Kwa jumla walicheza mechi 35, wakashinda 34, wakafunga pointi 976 na kufungwa 59. Ni katika ziara hiyo jina la All Blacks, kwa ajili ya jezi zao nyeusi, lilipoenea duniani.

Kabla ya kuondoka Uingereza, Gallaher na Stead walikubali kuandika kitabu kuhusu uchezaji wa New Zealand. Kila mmoja alilipwa pauni 50. Stead, ambaye alikuwa fundi viatu, ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa maneno. Gallaher alichora michoro. Walikimaliza kwa muda usiofika wiki mbili, na kilipotoka mwaka 1906 kilikuwa na kurasa zaidi ya 300. Humo walieleza kila kitu: jinsi ya kujipanga skramuni, jinsi ya kutumia ishara za siri mpira unaporushwa kutoka nje, mahali pa kila mtu wakati wa kushambulia na wakati wa kujilinda. Makocha wengi wangeificha siri kama hiyo. Hawa waliiuza kwa adui kwa bei ya kawaida ya dukani. Mimi nasema hapo ndipo lile shtaka la udanganyifu linapokosa miguu ya kusimamia, maana mdanganyifu hachapishi hila zake.

Gallaher hakuichezea tena New Zealand. Oktoba 1906 alioa, akamchukua Nellie Francis, na mwaka 1908 wakapata mtoto wao wa pekee, Nora. Lakini uwanja hakuuacha. Kuanzia 1906 hadi 1916 yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiteua na kufundisha timu ya Auckland, na tangu 1907 hadi 1914 alikuwa miongoni mwa wateuzi wa timu ya taifa. Auckland ilikuwa imeitwaa Ngao ya Ranfurly, kombe kubwa la majimbo, mwaka 1905. Iliilinda mara 23 mfululizo mpaka ilipopokonywa na Taranaki mwaka 1913. Wakati huo huo baadhi ya wenzake wa 1905, akiwamo George Smith na Duncan McGregor, walivutwa na raga ya malipo iliyokuwa ikianza. Hakuwafuata. Alikuwa na kazi yake ya nyama mchana na vijana wake jioni.

Vita Vikuu vya kwanza vilipofika hakuna aliyemlazimisha kwenda. Alikuwa na miaka 42, mke na mtoto. Alijiandikisha mwezi wa Mei 1916. Watu wengi husimulia kwamba alikwenda kulipiza kisasi cha mdogo wake Douglas, aliyeuawa Ufaransa. Si kweli, Douglas alikufa tarehe 3 Juni, Dave akiwa amekwisha kujitolea na anangoja kuitwa. Hadithi ya kisasi ni tamu, lakini kalenda inaikataa.

Tarehe 4 Oktoba 1917, kikosi chake cha Auckland kilipoushambulia mwinuko wa Gravenstafel huko Ubelgiji, kipande cha kombora kilitoboa kofia yake ya chuma. Alikufa siku hiyo hiyo katika kituo cha matibabu cha Waaustralia. Alibakiza siku 26 kutimiza miaka 44. Jiwe la kaburi lake katika makaburi ya Nine Elms, karibu na Poperinge, linasema alikuwa na miaka 41. Ndugu yao mwingine, Henry, aliuawa Aprili 1918.

Klabu za Auckland zimekuwa zikigombea Ngao ya Gallaher tangu mwaka 1922, na tangu 2000 kuna kombe lenye jina lake kati ya New Zealand na Ufaransa. Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja wa Eden Park.

Ile nafasi yake uwanjani haikupata sanamu. Iliendelea kutumika baada ya kifo chake, na kuzomewa pia, mpaka mwaka 1930 timu ya Uingereza ilipozuru New Zealand chini ya meneja James Baxter, ambaye alimshambulia hadharani fowadi wa ubavuni kwa neno lile lile la udanganyifu. Baxter alikuwa na sauti katika baraza la kimataifa. Muda si muda sheria ikaandikwa upya, kwamba mstari wa kwanza wa skramu lazima uwe na watu watatu. Kwa hiyo mahuka wawili wakawa haramu, kishada kikafa, na kufikia mwaka 1932 fowadi wa ubavuni naye akawa hana pa kutokea. New Zealand ilibidi ijifunze kuinama upya, na ilijifunza polepole. Mwaka 1937 Afrika Kusini walikwenda huko na skramu iliyopangwa watatu, wanne, mmoja, kila mtu na nafasi yake, wakaisukuma New Zealand nyuma na kuondoka na ushindi wa mechi mbili kwa moja. Mpango huo ndio unaotumika hadi leo. Wale wawili wa pembeni, warithi wa Gallaher, wamefungwa mkono kwa wenzao, hawaruhusiwi kuachia mpaka mpira utoke.